Viatu Sitini na Viwili vya PP1

Mama yangu huuza viazi katika soko moja hapa Eldoret, viazi vinavyoshuka kwa lori kutoka Timboroa, na sijawahi kumwona akinunua gunia bila kulifungua. Huingiza mkono hadi kwapani, akatoa kiazi cha chini kabisa, akakikata kwa kisu, akakitazama pande zote mbili, ndipo aseme neno. Siku niliyomwambia kwamba nataka kusomea ualimu, alinitazama vivyo hivyo.

Alikuwa na sababu zake. Baada ya kidato cha nne nilikuwa nimejiunga na kozi ya ufundi wa mabomba, nikaiacha baada ya muhula mmoja kwa sababu sikupenda kulowa. Kisha nikafuga kuku. Walikuwa kumi na wanane, na siku niliyowauza wote kwa jirani nilimweleza mama kwamba tatizo lilikuwa kelele.

"Kelele," mama alisema sasa, akiwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa. "Kuku kumi na wanane walikushinda kwa kelele. Sasa unataka watoto."

"Watoto ni tofauti, mama."

"Najua ni tofauti. Kuku hulala saa kumi na mbili."

Hakukataa, lakini aliweka sharti. Kabla hajatoa karo nyingine, nitafute shule inikubali, nisimame mbele ya watoto muhula mzima, halafu nimletee barua ya mwalimu mkuu inayosema kwamba nilimaliza. Chuo chenyewe hakikuhitaji barua hiyo. Kilitaka matokeo ya kidato cha nne, na hayo nilikuwa nayo, C ya kutosha pamoja na B ya hesabu ambayo niliitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Barua ilikuwa ya mama.

Nilizunguka shule nne. Ya nne ilikuwa shule ndogo ya mtaani, dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani, yenye ukuta wa mabati na uwanja wa nyasi uliochakazwa na mpira. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa maneno machache mwenye funguo nyingi kiunoni, kwa hiyo ulimsikia akija kabla hujamwona. Nilimwambia ningependa kufundisha hesabu gredi ya sita. Nilitaja ile B.

"Gredi ya sita wana mwalimu," akasema. "PP1 ndiyo msaidizi wao amejifungua wiki jana. Unaanza Jumatatu."

PP1 ni darasa la watoto wa miaka minne. Nilitaka kumweleza kwamba sikuwa nimewafikiria watu wa umri huo, lakini funguo zilikuwa tayari zinalia kuelekea jikoni.

Jumatatu nilifika nimevaa tai. Nilikuwa nimeandaa andalio la somo la kurasa mbili, lililoanza kwa maneno "Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kutambua, kutamka na kuandika." Mwalimu wa darasa alilisoma lote kwa heshima, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa upande wa Chepsaita, mfupi, mwenye sweta pana yenye mifuko miwili. Mfuko mmoja ulikuwa na chaki na mwingine karatasi ya choo, na katika muhula wote sikumwona akikosea mfuko. Alikuwa amefundisha watoto wadogo tangu kabla sijazaliwa. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba darasa lilipaswa kunyamaza ndipo asikike. Mwanzoni nilidhani huo ni udhaifu. Ilinichukua wiki tatu kutambua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yenyewe.

"Wasalimie," aliniambia.

Nilisimama mbele. Watoto thelathini na mmoja waliinua nyuso. Nilikuwa nimejiandalia hotuba fupi kuhusu mimi ni nani na tutakayojifunza pamoja, lakini sikufika mbali.

"Wewe ni baba ya nani?" mvulana mmoja akauliza.

"Mimi si baba ya mtu. Mimi ni ticha."

Alifikiria. "Sasa umekuja kuchukua nani?"

Kabla sijajibu, msichana mmoja mwenye nywele za vifundo viwili alianza kulia. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa ananitazama mimi. Nilimsogelea ili nimtulize, na kila nilivyosogea kilio kilipanda. Niliporudi nyuma kilishuka. Nikabaki pale katikati, nikipima ni umbali gani anaouweza, na nikagundua kwamba ulikuwa nje ya mlango.

Hilo liliendelea kila asubuhi kwa siku nane. Kufikia siku ya nne nilikuwa naingia kwa kupitia nyuma ya jengo na kuketi kwenye kona kabla hajafika. Siku ya nane mwalimu wa darasa aliniita wakati wa uji.

"Kijana, wewe una urefu gani?"

"Futi sita na inchi mbili, mwalimu."

"Sasa keti hapo chini kwa sakafu, uniangalie."

Niliketi. Alisimama mbele yangu, mfupi vile alivyokuwa, na kutoka pale chini nilimwona kama mnara.

"Unaona nini ya uso wangu?"

Nilitazama vizuri. "Kidevu," nikasema. "Na pua, kwa ndani."

"Basi. Na mimi ni mfupi. Huyo mtoto kila asubuhi anasalimiwa na mashimo mawili ya pua. Wewe ungelia pia."

Tangu siku hiyo nilifundisha nikiwa nimepiga magoti. Yule msichana alinyamaza siku ya pili, na siku ya tatu alinionyesha jino lake linalotikisika, heshima ambayo sikuwa nimewahi kupewa na mtu yeyote. Kwa upande mwingine, suruali zangu mbili ziliisha magotini. Mama aliziona zikining'inia kwenye kamba, akazishika moja moja.

"Huko unasomesha ama unaomba?" akauliza.

Nilimwambia vyote viwili.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa mwalimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtu mrefu aliyepiga magoti. Wiki hiyo hiyo mwalimu alitoka kidogo kwenda ofisini, na mtoto mmoja akaniambia ana susu. Nilimruhusu. Wa pili akasema ana susu pia. Kwa kuwa nilikuwa nimemruhusu wa kwanza, sikuona haki ya kumkatalia wa pili, wala wa tatu. Haki ilitekelezwa kikamilifu. Mwalimu aliporudi alinikuta nimepiga magoti mbele ya madawati matupu.

"Wako wapi?"

"Wana susu."

"Wote?"

Tuliwakuta nyuma ya jiko wakimtazama mpishi akimchinja kuku wa mwalimu mkuu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika chooni.

Kisha kulikuwa na somo la herufi r. Wazazi wangu walihamia huku kutoka mkoa wa kati kuja kulima, na katika lugha yetu ya nyumbani l na r hazijawahi kupewa vyumba tofauti. Nikiwa nimetulia husema vizuri tu. Nikiwa na wasiwasi hugeuza. Na siku hiyo mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani. Niliinua rula juu, nikasema kwa sauti ya kujiamini, "Lula." Watoto wakaitikia kwa pamoja, kwa furaha, "Lula." Mara sita. Mwalimu wa darasa alinitazama kutoka kwenye kona, akarudi kuchonga penseli zake. Baada ya siku mbili tulipata ujumbe kutoka kwa mzazi katika daftari la mawasiliano. Aliandika kwamba mtoto anasema ameagizwa alete lula, na kwamba amezunguka maduka matatu mjini na hakuna anayeijua, je, tunaweza kumweleza inapatikana wapi.

Lakini jambo ninalotaka kusimulia hasa lilitokea katikati ya muhula, msimu wa mvua, siku aliyoenda mwalimu kung'olewa jino.

Aliniachia darasa kwa asubuhi moja tu. Alinipa maagizo matatu na akanifanya niyarudie. Wakienda chooni, wanaenda wawili wawili. Chaki haikai mikononi mwao zaidi ya dakika tano. Na la tatu, nisianzishe kitu ambacho siwezi kukimaliza kabla ya saa nne ya uji.

Nilishika mawili ya kwanza.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Uwanja ulikuwa tope tupu, lile tope jekundu la kwetu ambalo halikuachi ukitaka kuondoka. Watoto walifika na viatu vilivyokuwa kama mabumba ya ugali wa wimbi. Wiki hiyo mwalimu alikuwa ameleta mkeka mpya kwa ajili ya kona ya hadithi, mkeka aliounganisha mwenyewe kutoka vipande vya zulia kuukuu, na nilipoona viatu vya kwanza vikiuelekea niliwaza jinsi atakavyorudi na maumivu ya jino akute kazi yake imeharibika. Nikaamua kumfanyia wema. Niliwaambia watoto wote wavue viatu mlangoni.

Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilitazama lile rundo la viatu mlangoni, nikatazama jua lililokuwa limeanza kutoka, na nikapata wazo la pili. Niliomba karai kwa mpishi. Niliwapa watoto vitabu vya picha, nikaketi pale mlangoni ambapo ningeweza kuwaona, nikaosha viatu vyote, kimoja baada ya kingine, kwa brashi na sabuni, ndani na nje. Niliviosha vizuri sana. Nilivipanga kwenye ukuta wa baraza vikauke, viatu sitini na viwili, vyeusi, vya mshipi wa kunata pembeni, vinavyong'aa. Mpishi alipita akasema hajawahi kuona mwalimu mwanamume wa namna hii, na niliichukua kama sifa.

Saa sita na nusu ndiyo saa ya PP1 kurudi nyumbani. Saa sita na dakika kumi niliviingiza viatu ndani, nikachukua cha kwanza, nikatazama ndani ili nisome jina. Wazazi huandika majina ndani ya kiatu, wengine kwa kalamu ya wino, wengine kwenye kipande cha plasta. Hapakuwa na jina. Nikachukua cha pili. Hapakuwa na jina. Ndani ya karai la maji machafu kule nje, nilikuja kukuta vipande vya plasta vimejikunja kama majani ya chai.

Nilijiambia nisiogope. Niliinua kiatu juu. "Hiki ni cha nani?"

"Changu," wakasema watoto thelathini na mmoja.

Nikainua kingine. "Na hiki?"

"Changu."

Hawakuwa wakidanganya. Kila mmoja alikuwa anatazama kiatu cheusi cha mshipi wa kunata, na kila mmoja alijua kwamba ana kiatu cheusi cha mshipi wa kunata.

Hapo ndipo ile B ya hesabu iliponiingia kichwani. Niliwaza: kiatu kidogo ni cha mtu mdogo, kiatu kikubwa ni cha mtu mkubwa. Nilivipanga viatu sakafuni kutoka kidogo hadi kikubwa, viwili viwili. Kisha nikawapanga watoto kutoka mfupi hadi mrefu. Ilikuwa mistari mizuri miwili, na kwa dakika moja nilijivunia akili zangu. Kisha nikavigawa, wa kwanza kwa wa kwanza, wa mwisho kwa wa mwisho, nikiwafungia haraka haraka kwa sababu wazazi walikuwa wameanza kukohoa langoni.

Niligundua baadaye kwamba mtoto mfupi kuliko wote katika darasa lile ndiye aliyekuwa na miguu mikubwa kuliko wote. Niligundua pia kwamba mtoto wa miaka minne akivalishwa kiatu kinachombana halalamiki kwa mwalimu. Anaenda kulalamika nyumbani. Nilisimama langoni nikiwapungia mkono, na nilipowaona wakitembea niliona kwamba baadhi wanachechemea. Nilifikiri ni matope.

Saa nane mchana simu yangu ilianza. Wazazi wa darasa walikuwa na kundi la mazungumzo kwenye simu, na mimi nilikuwa nimeingizwa humo kama msaidizi. Ujumbe wa kwanza ulikuwa picha ya miguu miwili bila maelezo. Wa pili ulikuwa picha ya miguu mingine. Wa tatu uliuliza kama kuna siku ya michezo ambayo hawakuambiwa. Kufikia saa kumi nilikuwa nimeona picha za miguu kumi na tisa, na mama mmoja alikuwa ameandika kwamba kiatu alicholetewa ni kizuri kuliko alichopeleka, na kama mwenyewe hayupo yeye hana shida.

Jioni nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kesho nitaenda kumshukuru mwalimu mkuu na kumwambia kwamba ualimu si wito wangu, kisha nitafute namna ya kumweleza mama. Tulikula. Mama alimaliza, akaweka sahani chini.

"Kuna mteja wangu ako na mtoto PP1," akasema.

Nilitazama sakafu.

"Kesho unaenda?"

Nilikuwa na hotuba tayari, lakini nilimwona akinisubiri, mikono magotini, bila hasira wala kicheko, na nikakumbuka jinsi alivyosikiliza habari ya mabomba na habari ya kuku akiwa ameketi vivyo hivyo. Nikashindwa kuianza.

"Naenda."

"Basi angalia uvae viatu vyako mwenyewe," akasema, akainuka kuosha vyombo.

Asubuhi iliyofuata, zile funguo zilinipokea langoni. Mwalimu mkuu aliniongoza hadi ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu," akasema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, bahati mbaya kwa siku kama ile. "Mtoto akirudi nyumbani bila kujua herufi, mzazi husubiri. Husema bado ni mdogo. Akirudi na kiatu cha mtu mwingine, hasubiri. Wako huko nje."

Walikuwa huko nje. Wa mbele kabisa alikuwa baba mmoja mwenye duka la viatu na mabegi mjini, mtu mzima mwenye asili ya kaskazini, kofia nyeupe, ndevu zilizotiwa hina. Binti yake alikuwa kitinda mimba wake. Alinisalimia kwa utaratibu, akauliza habari ya nyumbani, habari ya kazi, habari ya mvua, na nikajibu zote nikitamani ziendelee.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "jana asubuhi nilikuletea mtoto wa kawaida. Mchana umenirudishia mtoto wa miguu miwili ya kushoto."

Nilianza kuomba msamaha. Alinyanyua mkono.

"Mimi sina ukali. Mimi nauza viatu. Nataka tu tumtafute yule mwenye ya kulia mbili, kwa sababu huyo pia anateseka."

Tulikuwa bado tumesimama pale mwalimu wa darasa alipoingia. Hakupaswa kuja, alikuwa amepewa siku ya kupumzika. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama mtu aliyeficha andazi, na kinywa chake kilikuwa kimejaa pamba. Alitazama mstari wa wazazi. Akatazama miguu ya watoto. Akanitazama mimi. Hakuweza kuniambia alichokuwa anafikiria, na mpaka leo namshukuru daktari wa meno.

Alitoa amri kwa vidole. Viatu vyote vivuliwe, vitiwe katikati ya darasa. Watoto waketi kwenye duara, miguu mitupu mbele. Wazazi wabaki mlangoni. Nikadhani atauliza viatu ni vya nani, na nikamnong'oneza kwamba hilo nimelijaribu, wote wanasema changu. Alinionyesha mahali pa kuketi.

Aliinua kiatu kimoja. Badala ya kuuliza darasa zima, alimsogelea yule msichana wa vifundo viwili, akainama hadi usoni mwake.

"Cha rafiki yako ni gani?" akauliza kwa nusu ya mdomo.

"Hicho si chake," msichana akasema mara moja. "Chake kimekatika hapa." Aliingia katikati ya duara, akapekua kama mama anavyopekua gunia, akatoa kiatu chenye mshipi uliopasuka kidogo, na baada ya muda mwenzake. Akampelekea rafiki yake. Rafiki yake alivivaa, akakanyaga chini mara mbili, akatikisa kichwa kukubali.

"Wewe. Cha jirani yako?"

"Hiki. Ananikanyaganga nacho."

"Wewe?"

"Hiki kina mchoro ya panya kwa chini."

Kilikuwa na mchoro wa panya kwa chini. Nilikuwa nimekisugua kwa brashi na sikuwa nimeuona.

Iliendelea hivyo, mtoto baada ya mtoto. Walijua kiatu cha nani kinalia kikitembea, cha nani kilitafunwa na mbwa kisigino, cha nani kilikuwa cha dada yake. Ni jozi moja tu iliyoleta ubishi, wavulana wawili waliokuwa wanaketi pamoja, kila mmoja akiapa kwamba ni ya mwenzake. Yule baba mwenye duka aliomba ruhusa, akavua vyake mwenyewe kabla ya kukanyaga mkeka, akaingia. Alichukua kiatu akatazama soli chini ya mwanga, kisha akawaambia wavulana watembee hadi ukutani na kurudi.

"Huyu hukanyagia upande wa ndani," akasema. "Ni chake."

Tulimaliza saa tatu na dakika hamsini. Uji ukaja.

Siku iliyofuata shavu lilikuwa limepungua, na mwalimu akaweza kuniambia. Tulikuwa tunapanga vitabu.

"Mtoto wa miaka minne hajui kiatu chake," akasema. "Asubuhi anavalishwa akiwa na usingizi. Cha mwenzake ndicho anakiangalia siku mzima. Ukitaka kujua kitu ya mtoto, uliza yule anaketi naye."

"Ungeniambia mapema, mwalimu."

"Nilikuambia. Usianzishe kitu huwezi kumaliza kabla ya uji."

Ijumaa yule baba alituma kifurushi kupitia kwa binti yake. Ndani kulikuwa na kalamu nene nyeupe ya kuandikia kwenye mpira na ngozi, na maelezo mafupi kwamba hii haitoki hata kwa sabuni. Nilitumia asubuhi mbili kuandika majina ndani ya viatu sitini na viwili. Nilipomaliza niligundua kwamba sikuhitaji tena kuuliza. Nilikuwa najua kipi ni cha nani, hata vile visivyokuwa na alama yoyote, na nilijua pia nani hukanyaga kinyesi cha ng'ombe njiani kwa makusudi.

Nilimaliza muhula. Sikuwa mwalimu bora ghafla. Nilipoteza ufunguo wa choo, niliwafundisha wimbo wa siku za wiki nikaruka Alhamisi, na darasa zima likaruka Alhamisi kwa majuma mawili. Lakini nilianza kupenda kuamka. Hilo lilinishangaza, kwa sababu kwenye mabomba na kwenye kuku sikumbuki asubuhi hata moja niliyoipenda.

Mwalimu mkuu aliniandikia barua ya mistari minne. Ilisema kwamba nilifundisha PP1 kwa muhula mmoja, kwamba nilifika kila siku, kwamba ni mwaminifu, na kwamba makosa yangu niliyarekebisha au niliyashuhudia yakirekebishwa. Mama alinifanya niisome mara mbili. Aliniuliza neno "niliyashuhudia" lilikuwa linamaanisha nini hapo, nikamwambia ni lugha ya ofisini. Kisha akaikunja akaiweka kwenye Biblia yake, na sikuwahi kuiona tena.

Nilituma maombi ya chuo nikiwa kwenye duka la kompyuta mjini. Fomu iliuliza kama nataka kusomea elimu ya msingi au ya watoto wadogo. Niliwaza gredi ya sita, watu wanaojifunga viatu wenyewe. Nikabofya watoto wadogo. Mama alipoambiwa alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, safari ndefu, akasema tutahitaji kununua suruali ngumu.

Siku ya mwisho niliwaambia watoto kwamba ninaondoka. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka nikichonga penseli ya mvulana mmoja aliyekuwa amejiunga nasi wiki chache tu kabla, familia yake ilipohamia mjini.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Naenda chuo. Kusoma."

"Kusoma nini?"

"Kusoma kuwa ticha."

Alinikazia macho. "Kwani wewe si ticha?"

"Bado," nikasema.

Alifikiria jambo hilo kwa makini. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua penseli yake kutoka vidoleni mwangu ikiwa imechongwa nusu, akavuka darasa, akampelekea mwalimu.